Baada ya shingo kupasuliwa: kazi inayobaki nyumbani

Wasomaji wetu wa Kitale na Bungoma wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna nyingi. Mama mmoja wa upande wa Kamukuywa ndiye aliyeliuliza wazi kuliko wote. Alisimama mlangoni, mtoto wake amelala ndani, akatuambia: "Walisema operesheni imeenda vizuri. Sasa mbona kijana wangu hatembei?" Siku hiyo hatukuwa na jibu la kumtosha. Makala hii ni jibu lake, na la wengine waliorudishiwa mgonjwa akiwa na kola shingoni na karatasi ya kliniki mkononi, bila mtu wa kuketi nao kuwaeleza kinachofuata.

Sisi si madaktari. Ni kamati ya kanisa ya kutembelea wagonjwa, na katika kazi hiyo tumeingia nyumba nyingi kutoka Kiminini hadi Chwele. Mambo ya kitaalamu tumefunzwa na manesi na mafisio ambao hiyo ndiyo kazi yao. Mengine tumeyaona kwa macho.

Hebu tuanze na shingo yenyewe. Shingo ya mtu ina pingili saba za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya kila pingili kuna tundu, na matundu hayo yakipangana yanafanya kama bomba. Ndani ya bomba hilo inapita kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, unene wake karibu na wa kidole cha mwisho. Amri zote za kusogeza mkono na mguu, za kupanua mbavu na kufungua kibofu, zinapita humo. Habari za maumivu, joto na baridi nazo zinarudi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, wengi wetu tunasema "uti wa mgongo" tukiwa na maana ya vyote viwili, mfupa na kamba. Hapo ndipo tunapoanza kutoelewana na hospitali. Daktari akisema ametengeneza uti wa mgongo, yeye anazungumzia mfupa. Jamaa wa mgonjwa wanasikia kamba. Daktari ameondoa kilichokuwa kikiibana ile kamba, yaani kipande cha mfupa au kinyama cha katikati ya pingili, kisha ameshikanisha pingili kwa kibati cha chuma na skrubu, mara nyingi pamoja na kipande cha mfupa kilichotolewa nyongani. Ni kama fundi wa stima aliyeusimamisha mlingoti ulioanguka. Mlingoti sasa umesimama imara, hautaanguka tena ukaharibu zaidi. Lakini waya iliyokatika ndani haijaungwa, kwa sababu hakuna daktari duniani leo anayejua kuiunga.

Kwa hiyo "operesheni imeenda vizuri" ni kweli, na "kijana hatembei" pia ni kweli. Yule mama hakudanganywa.

Tuseme pia kwamba si kila aliyepasuliwa shingo ni mtu wa ajali. Wako wazee, na wengine si wazee sana, ambao pingili zao zimechakaa polepole na kuibana kamba. Mtu wa namna hii huanza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Sarafu zinamponyoka. Mwandiko wake unaharibika, anatembea kama mlevi na hajaonja kitu, na watu kanisani wanaanza kunong'ona. Upasuaji kwa huyu ni wa kuzuia yasizidi kuharibika. Wengi hupata nafuu, hasa waliowahi, lakini aliyekaa miaka mitatu akikandwa na kudungwa sindano za maumivu asitegemee mikono yake irudi yote. Kuna pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili. Mtu kama huyo hata akipasuliwa ni lazima amalize dawa za TB, miezi mingi, na dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Aliyeshonwa akapona kidonda halafu akaacha vidonge hajapona.

Kwa yule anayetoka hospitali akitembea, mambo ni mepesi kidogo. Kama alipasuliwa kwa mbele, koo litauma na kumeza kutakuwa shida kwa siku au majuma kadhaa, na sauti inaweza kukwaruza. Mpe uji, viazi vilivyopondwa, ugali laini na mchuzi, akae wima anapokula, ameze kidogo kidogo. Mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita kushikana, wakati mwingine hata mwaka. Sigara na tumbaku ya kunusa huuchelewesha, na hilo tumewaambia wazee wetu waziwazi ingawa hawakupenda. Kola avae kwa muda alioandikiwa na daktari wake, maana madaktari hawalingani: mmoja atasema majuma sita, mwingine kumi na mawili, mwingine haitaki kabisa. Atembee kila siku, leo hadi kwenye mti, kesho hadi barabarani. Asibebe debe la maji kichwani, wala gunia, wala asipande boda boda kwenye mashimo mpaka aruhusiwe. Na mtu yeyote asimnyonge shingo "kuirudisha mahali pake". Wako wakandaji wenye mikono mizuri kwa bega na kiuno, lakini shingo yenye skrubu si yao.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, mkono uliokuwa na nguvu ukianza kulegea, au mkojo ukaanza kukataa, hayo si ya kungoja tarehe ya kliniki. Na shingo ikivimba mgonjwa akikosa pumzi, ni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi.

Yaliyobaki tunayaandika kwa ajili ya wale ambao kamba yenyewe iliumia.

Kwenye karatasi ya hospitali utaona herufi C na namba: C4, C5, C6, C7. Usiipite. Namba hiyo inakuambia kamba iliumia wapi, na kwa hiyo mgonjwa wako amebakiwa na nini. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo jeraha lilivyo juu zaidi. Mishipa inayoendesha msuli mkuu wa kupumua hutoka kwenye C3, C4 na C5, ndiyo sababu walioumia juu ya hapo wengi hawafiki hospitali. Wa C5 kwa kawaida ataweza kukunja kiwiko lakini si kukinyoosha. Wa C6 ataweza kuinua kifundo cha mkono. Wa C7 ataweza kunyoosha kiwiko, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ni kubwa sana, kwa sababu mtu anayenyoosha kiwiko anaweza kujisukuma kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu akizoezwa. Kama kamba haikuharibika yote, nguvu nyingine zaweza kurudi. Nyingi hurudi katika miezi sita hadi tisa ya kwanza, kidogo kidogo tena hadi mwaka wa pili. Kwa hiyo mazoezi ya miezi ile si ya kupitisha wakati.

Hapa tuwaeleze jambo moja ambalo limetuumiza roho, kwa sababu limefanywa kwa upendo. Weka mkono wako juu ya meza, ulegee kabisa. Sasa inua kiganja kwa kukunja kifundo cha mkono kuelekea nyuma. Umeona? Vidole vimejikunja vyenyewe, bila wewe kuviamuru. Mtu wa C6 hana nguvu ya vidole hata kidogo, lakini akiinua kifundo vile vidole hujifunga, na kwa mkunjo huo anaweza kushika kikombe, kipande cha ugali, kalamu, hata simu. Ndiyo mkono aliobakiwa nao.

Katika nyumba moja tulimkuta kaka wa mgonjwa akimnyoosha vidole asubuhi na jioni. Alikuwa akivivuta nyuma huku kiganja nacho kimekunjwa nyuma, kwa bidii, miezi mitano mfululizo. Alidhani anaifungua mikono iliyojifunga. Fisio alipofika alivishika vile vidole, akanyamaza kidogo. Vilikuwa vimelegea kama kamba ya katani iliyolowa maji. Ule mshiko ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia yule kaka, na sisi wenyewe tulimwona akifanya hivyo mara mbili kabla, tukamsifu. Basi shikeni hili: ukinyoosha vidole, acha kifundo kiiname mbele. Ukiinua kifundo nyuma, acha vidole vijikunje. Visinyooshwe vyote pamoja.

Sasa ngozi. Wewe na mimi tukiketi kwenye benchi la kanisa tunajisogeza kila mara bila kujua, kwa sababu makalio yanauma. Aliyeumia kamba hasikii. Damu haipiti pale alipolalia, na nyama inaanza kufa ndani kwa ndani kabla kidonda hakijaonekana juu. Yatosha saa chache. Mgonjwa aliyelala ageuzwe kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku. Aliyeketi ainuliwe au ainamishwe mbele na kando kila robo saa au nusu saa. Mahali pa kuangalia kila siku ni visigino, nyonga, mfupa wa mkia, mifupa ya makalio, mabega na nyuma ya kichwa. Vitabu husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi. Tafuta doa lililo jeusi kuliko jirani yake, au linalong'aa, na uliguse kwa mgongo wa mkono: kama ni la moto, au gumu kuliko pengine, hapo ndipo. Asilalie mahali hapo tena mpaka parudi kawaida. Hakuna unga wala spiriti inayofanya kazi hiyo.

Nyumba moja karibu na Chwele hawana saa ya kengele. Mchana wanamgeuza mgonjwa kwa taarifa za habari za redio, na usiku watoto wakubwa wawili wanapokezana na mama. Mwaka wa pili huu na hakuna kidonda hata kimoja. Nyumba nyingine yenye uwezo zaidi, yenye godoro zuri la kununuliwa Nairobi, walimwachia mfanyakazi mmoja kazi yote, akawa anapitiwa na usingizi. Godoro halimgeuzi mtu. Na ule mpira wa ndani wa tairi ambao watu hupenda kumkalisha mgonjwa katikati yake, uacheni. Unabana damu kuzunguka lile tundu. Sponji nene iliyo sawasawa ni bora.

Mtu asiyesikia joto pia huungua bila kulia. Baridi ya Kitale usiku inajulikana, mji uko juu zaidi ya mita 1,800, na jiko la makaa huletwa karibu na miguu ya mgonjwa kwa nia njema. Tumeona malengelenge ya kutisha. Kikombe cha chai ya moto nacho kisiwekwe mapajani. Bungoma kwa upande wake ni jua: aliyeumia shingo hatoi jasho sawasawa chini ya jeraha, mwili wake unachemka. Aketi kivulini, na kitambaa kilichotiwa maji kiwe karibu.

Mkojo ndio unaowashinda wengi. Kibofu hakipokei tena amri, kwa hiyo hujaa bila mwenyewe kujua, na mkojo ukirudi nyuma huharibu figo. Wengine hurudi nyumbani na mpira wa mkojo wa kukaa, wengine hufundishwa kuuingiza mpira mwembamba kila baada ya masaa manne hadi sita na kuutoa. Ule wa pili huleta magonjwa machache zaidi, pakiwa na mtu wa kuufanya kwa mikono safi. Sabuni na maji ya kutiririka, kila mara. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu, usiinuliwe begani wakati wa kumhamisha. Mpira ubadilishwe tarehe ya kubadilishwa. Tumekuta mmoja uliokaa miezi minne kwa sababu nauli ya kwenda mjini ilikosekana. Na jamani, msimnyime mgonjwa maji ili asijikojolee. Haja kubwa nayo hupangiwa saa, hasa baada ya chai ya asubuhi ambapo tumbo huamka lenyewe. Uji wa wimbi, sukuma wiki, maharagwe. Saa ile ile kila siku, mpaka mwili ujifunze.

Tunaomba aya hii inayofuata ikatwe na kubandikwa ukutani.

Aliyeumia kamba ya shingo anaweza kushikwa ghafla na kichwa cha kupasuka, uso na shingo kutoka jasho, ngozi ya juu kuwa na joto na wekundu wa macho, pua kuziba, moyo kwenda polepole au kudunda. Sisi watu wa huku tukiona kichwa na jasho tunasema malaria, tunampa vidonge na kumlaza chini, afunikwe blanketi. Inaweza kumuua. Mara nyingi si malaria. Ni kitu kilicho chini ya jeraha kinachomuumiza naye hakisikii: kibofu kimejaa kwa sababu mpira umejikunja au umeziba, choo kigumu kimekwama, kidonda, ukucha uliozama, mkanda uliobana. Mwili unapiga kelele kwa njia pekee iliyobaki, na presha ya damu inapanda juu kwa dakika chache hadi mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Usimlaze. Mketishe wima, miguu ining'inie. Legeza nguo, mkanda, soksi, viatu. Fuata mpira wa mkojo kutoka mwanzo hadi mwisho, ukunjue, uone kama mkojo unatoka. Usipotoka, mpira huo ubadilishwe mara moja. Kisha mtazame ngozi na choo. Kama haitulii kwa dakika chache, hospitali, akiwa ameketi.

Na mkifika, semeni: "Huyu aliumia kamba ya uti wa mgongo shingoni, tafadhali mpimeni presha kwanza." Presha ya kawaida ya watu hawa huwa ya chini, labda 90 kwa 60. Kwa hiyo mhudumu akipima akapata 140 anaweza kusema ni presha ya kawaida ya mtu mzima, kumbe kwa huyu imepanda vibaya sana. Mwombeni nesi wa zahanati aiandike ile ya siku zote kwenye kikaratasi, na kikae pamoja na kitambulisho cha mgonjwa.

Kuhusu miguu kurukaruka. Baada ya majuma au miezi, miguu iliyokuwa imelala inaanza kushtuka yenyewe, inakunjika au kutetemeka. Tumekuwepo katika maombi ambapo jambo hili lilitokea, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Tunaamini katika maombi. Tusingekuwa kwenye kazi hii kama hatuamini. Lakini kushtuka huko ni misuli inayofanya kazi bila amri ya ubongo, na kijana yule yule aliyeshangiliwa Jumapili ndiye aliyebaki na aibu Jumatatu, akiulizwa na kila mpita njia kama hajaamka bado. Mmoja alituambia afadhali angeachwa bila kuombewa hadharani. Tumeanza kuomba naye kimya kimya, yeye akichagua la kuombewa. Siku moja aliomba tumwombee apate kinyozi wa kuja nyumbani.

Watu wengi hufikiri kwamba basi, maisha ya namna hii si maisha. Historia haikubali. Kabla ya vita vikuu vya pili, karibu wote walioumia kamba ya uti wa mgongo walikufa mapema, kwa vidonda na kwa mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wala si kisu kilichowaokoa, kwani yeye hakupenda kupasua mapema. Aliagiza wageuzwe kila masaa mawili usiku na mchana, mkojo uangaliwe, na kila mmoja apewe kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa wake walishindana kulenga mishale kwenye viti vyao, na kutokana na hayo ikazaliwa Olimpiki ya walemavu iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Mwaka 1999 watafiti wawili, Gary Albrecht na Patrick Devlieger, walichapisha majibu ya watu wa Marekani wenye ulemavu mzito. Zaidi ya nusu walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Waliosema hivyo walikuwa na kazi, imani na watu wa karibu nao.

Kwetu pia wapo. Timothy Wanyonyi, wakili mwenye asili ya Bungoma, alipigwa risasi na majambazi mwaka 1998 na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2013 alichaguliwa mbunge wa Westlands. Yeye aliumia mgongo chini ya shingo, mikono yake ni mizima, na hatutaki kumdanganya mtu wa C5 kwamba ni sawa. Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepigwa risasi mwaka 2004, alitoka Nairobi mwaka 2012 kwa kiti chake akielekea Afrika Kusini, ili Wakenya wachange pesa za kujenga hospitali ya kuwazoeza watu kama yeye. Hospitali ya serikali ya walioumia uti wa mgongo, iliyo Nairobi karibu na barabara ya Lenana, ina vitanda vichache kwa nchi nzima. Kwa sisi wa huku, kliniki kubwa iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kama kilomita 70 kutoka Kitale na zaidi ya hapo kutoka Bungoma. Hospitali za kaunti za Kitale na Bungoma zina mafisio. Waulizeni siku gani wanapokea, na waombeni wamfundishe mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu nauli ya kila juma hakuna familia ya jembe inayoiweza.

Mambo ya karatasi tuyapitie haraka. Bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA mwezi wa Oktoba 2024, kwa hiyo aliyekuwa akilipa ile ya zamani na hakujiandikisha upya hana kitu. Mgonjwa aandikishwe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, lililotokana na sheria ya mwaka 2003. Atapimwa kwanza na madaktari wa kaunti. Wenye ulemavu mzito sana wanaweza kuingizwa kwenye Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa si kila anayeomba huingizwa. Chifu anajua orodha zinafunguliwa lini. Mwulizeni kila mara mpaka achoke nanyi.

Yapo pia mambo ya chumbani ambayo kwenye gazeti la kanisa watu huyapita. Wake na waume wametuuliza kwa siri, tunawajibu hapa. Mwanamke aliyeumia kamba anaweza kushika mimba na kuzaa, na ni lazima kliniki ijue mapema kwa sababu ya ile presha tuliyoeleza. Mwanaume huenda akahitaji msaada wa daktari, lakini ndoa yake haijavunjwa na ajali. Muulize nesi, ukitaka muulize nje ya chumba ambamo mama mkwe ameketi. Na anayemhudumia mgonjwa naye ni mtu. Tumemkuta mke aliyebeba mume wa kilo 70 peke yake mwaka mzima, sasa mgongo wake mwenyewe umekwisha. Jumuiya yake ilikuwa ikimletea sukari na majani ya chai. Tulipouliza anataka nini hasa alisema anataka kulala, usiku mmoja tu kwa juma. Sasa kuna wanaume wanne wanaopokezana kila Ijumaa.

Kijana mmoja wa upande wa Kiminini, C6, ana miaka sita sasa tangu boda boda yake igongane na lori la mahindi. Wenzake walimtoa pale wakiwa wamempakata katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, jambo ambalo lisifanywe kamwe. Aliyeumia shingo abaki chini, kichwa kishikwe kisitikisike, atafutwe ubao au mlango wa kumbebea. Leo anakaa kwenye kibanda mbele ya nyumba yao, anachaji simu za jirani kwa sola na kuuza muda wa maongezi. Anabonyeza kwa kijiti alichofungiwa kiganjani kwa ukanda wa ngozi. Alituambia kinachomuudhi si kiti. Kinamuudhi kwamba wateja humpa dada yake pesa badala yake yeye, kama kwamba shingo ndiyo iliyokuwa ikihesabu.

Yule mama wa Kamukuywa tulirudi kwake tukiwa na fisio. Mwanawe ni C7, anaweza kunyoosha kiwiko, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Siku hiyo alijisukuma nusu ya njia kutoka kitandani hadi kitini, akaanguka kando juu ya mito, akacheka. Mama anataka njia ya mawe kutoka mlangoni hadi chooni kabla ya mvua, kwa sababu kiti kinazama kwenye matope. Wenye mikokoteni na jembe wakutane kwake Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mawe yapo mtoni.